Jembe, Kigae na Matini: Akiolojia na Usomaji wa Biblia

Utangulizi

Katika sura ya 13 ya Kitabu cha Kwanza cha Samweli pana habari fupi ambayo wasomaji wengi huipita mbio wakielekea vita vya Sauli. Wafilisti wamewanyima Waisraeli wahunzi, wasije wakajifulia panga na mikuki. Kwa hiyo kila Mwisraeli mwenye jembe, shoka au mundu uliosenea hana budi kuteremka kwa adui yake akanolewe. Katika aya ya 21 mna neno la Kiebrania, pim, ambalo halipatikani mahali pengine popote katika Biblia. Kwa karne nyingi wafasiri walilibahatisha. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliona humo tupa ya kunolea. Mapema katika karne ya 20 vikafukuliwa huko Palestina vijiwe vya mizani vilivyochorwa neno hilo hilo. Uzito wake ni takriban gramu 7.8, yaani karibu theluthi mbili za shekeli. Kumbe aya hiyo ilikuwa ikitaja bei.

Badiliko hilo si dogo. Palipodhaniwa pana orodha ya zana, sasa pana shitaka: mkulima anamlipa adui yake fedha ili apate makali ya kulimia shamba lake mwenyewe. Kinaya kilichojificha kinajitokeza, na udhalili wa taifa lisilo na mhunzi unapimwa kwa mizani. Kijiwe hicho hakithibitishi kwamba Sauli alipigana vita alivyopigana, wala hakikanushi. Kimeifanyia matini jambo jingine: kimeirudishia maana yake.

Makala haya yanashikilia kwamba hiyo ndiyo huduma kuu ya akiolojia, au elimukale, kwa Biblia, na kwamba huduma hiyo imepuuzwa na makundi mawili yanayopigiana kelele juu ya kichwa cha msomaji. Kundi la kwanza ni la watafutaji wa ithibati, ambao kila kigae kwao ni shahidi wa kuapishwa. Kundi la pili ni la wakanushaji, ambao kila shimo tupu kwao ni hukumu. Makundi haya yanajiona kuwa mahasimu, ilhali yana dhana moja: kwamba matini ina thamani kwa kadiri inavyolingana na kilichomo ardhini. Wahakiki wa fasihi, ambao wangetarajiwa kuikosoa dhana hiyo, aghalabu wamekaa kando wakidai kwamba mambo ya udongo hayawahusu. Kimya chao nacho kinastahili kulaumiwa.

Kuta za Yeriko na Umaskini wa Ithibati

Mfano maarufu kuliko yote ni Yeriko. Kati ya mwaka 1930 na 1936 mwanaakiolojia Mwingereza, John Garstang, alichimba katika kilima cha mji huo akafukua kuta zilizoanguka, akatangaza kwamba ndizo zilizoporomoka mbele ya Yoshua, yapata mwaka 1400 K.K. Habari hizo ziliingia katika mahubiri na katika vitabu vya shule. Kisha, kati ya mwaka 1952 na 1958, Kathleen Kenyon akachimba mahali pale pale kwa mbinu za uangalifu zaidi. Akagundua kwamba kuta za Garstang zilikuwa za milenia ya tatu K.K., yaani zilimtangulia Yoshua kwa takriban miaka elfu moja. Mji uliofuata ulikuwa umekwisha kuteketezwa katika karne ya 16 K.K., na kwa zama ambazo kwa kawaida Yoshua huwekwa, hapakupatikana dalili ya mji wenye kuta.

Waliokuwa wameitundika imani yao juu ya ukuta wa Garstang walijikuta hawana pa kuitundika. Hata hivyo hasara yao kubwa ilitangulia kazi ya Kenyon. Walipokuwa wakishughulika na matofali, hawakuuliza sura ya 6 ya Yoshua ni utungo wa namna gani. Makuhani saba, baragumu saba, siku saba, mizunguko saba katika siku ya saba, sanduku la agano katikati na watu walioamriwa kunyamaza: huu si muundo wa taarifa ya kamanda wa vita. Ni muundo wa ibada. Wanajeshi karibu hawana kazi mpaka ukuta uanguke. Takriri ya saba ndiyo inayobeba simulizi, na nyumba ya Rahabu, mwanamke wa pembezoni mwa mji, ndiyo inayobaki imesimama. Yote haya yaliandikwa waziwazi tangu mwanzo. Ilibidi jembe la Kenyon likose ukuta ndipo baadhi ya wasomaji waione fani iliyokuwa mbele ya macho yao.

Hali ilikuwa hiyo hiyo huko Nuzi, karibu na Kirkuk nchini Iraki, ambako uchimbaji ulioanza mwaka 1925 ulitoa maelfu ya vibao vya udongo vya karne ya 15 na ya 14 K.K. Wataalamu kama vile E. A. Speiser waliona humo desturi zinazofanana na za akina Abrahamu, hasa mkataba unaomtaka mke asiyezaa ampe mumewe mjakazi. Shangwe ikawa kubwa: Mwanzo imepatiwa tarehe! Mwaka 1974 Thomas L. Thompson, na mwaka 1975 John Van Seters, walionyesha kwamba desturi hizo hazikuwa za zama moja na kwamba mlingano mwingi ulikuwa umelazimishwa. Tarehe ikayeyuka. Lakini kibao kilibaki na faida ambayo watafutaji wa tarehe hawakuihitaji. Kinamwonyesha msomaji kwamba Sarai alipomtoa Hajiri hakutenda la ajabu. Alifuata utaratibu uliojulikana na kuandikwa. Uzito wa kisa uko hapo: sheria inamjua Hajiri kama kipengele cha mkataba, ilhali simulizi linamfuata jangwani, linampa sauti, na kumfanya yeye mjakazi ampe Mungu jina. Asiyeujua mkataba hawezi kupima ukubwa wa uasi huo wa kisanaa.

Tena njaa ya ithibati ina gharama. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba vipande vyote 16 vilivyokuwa vimenunuliwa na Jumba la Makumbusho ya Biblia la Washington kama vipande vya magombo ya Bahari ya Chumvi vilikuwa ghushi. Mahali penye mnunuzi wa ushahidi hapakosi mfua ushahidi.

Umaskini wa Kanusho

Wakanushaji nao wasifurahi upesi. Kwao kukosekana kwa ukuta kunatosha kuifanya Yoshua kuwa porojo, na kukosekana kwa maandishi ya kasri kunatosha kumfanya Daudi kuwa ndoto. Mwaka 1993, huko Tel Dan kaskazini mwa Israeli, kundi lililoongozwa na Avraham Biran lilipata kipande cha jiwe chenye maandishi ya Kiaramu ya karne ya 9 K.K. Mfalme adui anajisifu humo kwa kuwashinda wafalme wa Israeli na wa ukoo ambao wataalamu wengi wanausoma kuwa "nyumba ya Daudi". Waliokuwa wamekwisha kumzika Daudi katika kaburi la visasili walilazimika ama kumfukua ama kubishana juu ya herufi.

Lakini jiwe la Tel Dan limesema nini juu ya Bathsheba? Limesema nini juu ya Uria anayebeba mkononi barua ya kifo chake mwenyewe, au juu ya mzee anayemlilia Absalomu kwenye chumba cha juu ya lango? Halijasema neno. Kilele cha nathari ya Kiebrania hakikuguswa na ugunduzi huo, kama ambavyo hakikuguswa na shaka iliyoutangulia. Kosa la wakanushaji ni kuamini kwamba kinyume cha taarifa ni uongo. Mtu wa kawaida akiamini hivyo atasamehewa. Mwalimu wa fasihi, ambaye mshahara wake unatokana na kufundisha kwamba hadithi ni njia ya kusema kweli, akiamini hivyo ameikana kazi yake.

Kinachofukuliwa ni Tanzu

Ikiwa akiolojia si hakimu, basi ni nini? Jibu linaanza kupatikana huko Dhiban, katika nchi iliyo leo Yordani. Mwaka 1868 lilionekana hapo jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, anayetajwa katika sura ya 3 ya Wafalme wa Pili. Mesha anaeleza kwamba Omri wa Israeli aliitesa Moabu kwa sababu mungu Kemoshi aliikasirikia nchi yake. Kisha Kemoshi akaridhika, akamwamuru Mesha aende akautwae mji wa Nebo. Mesha akauangamiza, akawaweka wakazi wake wakfu kwa mungu wake, na kitenzi anachokitumia kina mzizi ule ule unaotumiwa katika Kiebrania cha Yoshua.

Hapa msomaji anapata funguo. Lugha ya kuangamiza kwa amri ya Mungu, ambayo wengine huisoma kama ukatili wa Waisraeli peke yao na wengine kama haki yao peke yao, ilikuwa mtindo wa kanda nzima. Ulikuwapo utanzu wa maandishi ya ushindi, wenye mianzo yake, chuku zake na miungu yake. Mtu akisha kuufahamu utanzu ndipo anapoweza kuona ni wapi mtunzi ameuvunja. Vitabu vya Wafalme vinachukua lugha ile ile ya hasira ya mungu juu ya nchi yake, lakini havimalizii kwa ushindi. Vinamalizia kwa Yerusalemu kuteketea na mfalme kupofushwa. Lugha ya kujitukuza imegeuzwa kuwa lugha ya kujihukumu. Ugeuzaji huo hauonekani kwa msomaji asiyewahi kukutana na Mesha.

Mfano wa pili ni wa mwaka 701 K.K., Senakeribu wa Ashuru alipoivamia Yuda. Maandishi yake juu ya mche wa udongo yanajigamba kwamba aliteka miji 46 yenye ngome, na kwamba Hezekia alifungiwa Yerusalemu kama ndege tunduni. Yanataja kodi ya talanta 30 za dhahabu na 800 za fedha. Hayasemi kwamba Yerusalemu ilitekwa. Wafalme wa Pili, sura ya 18 na ya 19, inataja dhahabu talanta 30 na fedha talanta 300, kisha inasimulia jinsi jeshi la Ashuru lilivyoangamizwa usiku na malaika. Watafutaji wa ithibati hushangilia dhahabu. Wakanushaji hushangilia fedha. Mhakiki anayejua kazi yake ataangalia kimya. Katika kasri la Senakeribu huko Ninawi, chumba kizima kilipambwa kwa michoro ya mawe ya kutekwa kwa Lakishi: ngazi, moto, mateka wakitembea na watoto wao. Michoro hiyo sasa iko London. Katika Wafalme, Lakishi inatajwa kama mahali tu ambapo mfalme wa Ashuru alikuwa amepiga kambi. Kila mwandishi ameupanua mji unaomfaa, akaufinya ule unaomuumiza. Matini mbili zikiwekwa bega kwa bega, kila moja inakiri ambacho nyingine imeficha.

Hezekia huyo huyo anasifiwa katika nusu ya aya kwa kuleta maji mjini kwa mfereji. Mwaka 1880, ndani ya handaki la Siloamu huko Yerusalemu, lenye urefu wa takriban mita 533, yalionekana maandishi ya Kiebrania yaliyochongwa ukutani. Yanasimulia jinsi makundi mawili ya wachimbaji, yaliyoanza kila moja upande wake, yalivyosikia sauti zikiitana kupitia mwamba, hata sururu zikakutana na maji yakapita. Hayamtaji mfalme hata mara moja. Wahakiki wa Afrika ya Mashariki ambao kwa miongo mingi wamedai fasihi isomwe kwa jicho la wavuja jasho wanayo hapa matini iliyotoka vinywani mwa wavuja jasho wenyewe, na bado hawajaisoma.

Katika ushairi, hazina kubwa ni Ugarit, mji wa pwani ya Syria ulioanza kuchimbwa na Claude Schaeffer mwaka 1929. Vibao vyake vina tenzi za mungu Baali zilizotungwa kwa usambamba wa mishororo, ambapo mshororo wa pili hulirudia wazo la ule wa kwanza kwa maneno mengine. Ndiyo kanuni ile ile ya Zaburi. Humo Baali ni mpanda mawingu, na joka analolipiga linaitwa kwa sifa zile zile anazopewa Lewiathani katika Isaya 27. Waoga walisema Biblia imeiba. Wakanushaji walikubali kwa furaha. Aliyekulia katika ushairi wa Kiswahili hapaswi kusema hivyo, kwa maana anajua malumbano ni nini. Washairi wa Mombasa na Lamu katika zama za Muyaka walijibizana kwa silaha walizozijua wote, na aliyelichukua neno la hasimu yake akaligeuza hakuitwa mwizi. Mtunga zaburi anayemfanya Mungu wa Israeli ayapande mawingu anamvua Baali joho lake hadharani. Pasipo Ugarit, tunamwona mshindi amevaa joho bila kujua amelivua nani.

Matini Ina Tabaka Zake

Wapo wahakiki watakaojibu kwamba matini inajitosheleza, na kwamba anayetoka nje yake ameiacha fasihi akaenda kwenye historia. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama kungekuwa na matini moja ya kujitosheleza. Kuanzia mwaka 1947 hadi 1956, katika mapango 11 ya Qumran, yalipatikana magombo ya Biblia ya Kiebrania yaliyozidi kwa umri wa takriban miaka elfu moja nakala kamili zilizokuwa zikitegemewa hapo awali. Gombo kuu la Isaya lilionyesha uaminifu wa kustaajabisha wa wanakili. Lakini katika pango la nne vikapatikana pia vipande vya Yeremia vinavyofuata toleo fupi, lile lililojulikana hapo kabla kwa tafsiri ya Kigiriki tu, ambalo ni fupi kwa karibu sehemu moja kwa nane. Matoleo mawili ya nabii mmoja yalihifadhiwa na jamii moja, wala hakuna aliyeyachoma.

Watafutaji wa ithibati huitaja Isaya na kumnyamazia Yeremia. Wakanushaji hufanya kinyume. Mhakiki wa Kiswahili, aliyezoea tenzi zilizonakiliwa kwa hati za Kiarabu huku kila mnakili akiacha ubeti hapa na kuongeza ubeti pale, angepaswa kuwa mwenyeji mahali hapa kuliko wote. Anajua kwamba tofauti za miswada si aibu ya utungo bali ni nyayo za waliouishi. Matini nayo ina tabaka kama kilima cha Yeriko, na kuzichimba tabaka hizo ni kazi ya uhakiki.

Onyo kutoka Mwambao

Yeyote atakayedhani kwamba ugomvi huu ni wa nchi za mbali na aitazame Tarehe ya Kilwa. Tarehe hiyo inasimulia jinsi Ali bin al-Hasan alivyotoka Shiraz akakinunua kisiwa kwa nguo za kukizungushia. Kwa muda mrefu ilisomwa kama hati ya usajili: Waajemi walikuja, wakajenga. Neville Chittick alipochimba Kilwa katika miaka ya 1960, na Mark Horton alipofukua Shanga katika kisiwa cha Pate katika miaka ya 1980 na kukuta misikiti juu ya misikiti hadi karne ya 8, iliyoanza kwa miti na udongo wa hapa hapa, tarehe hizo zikatupwa jalalani kama ngano za kujitafutia ukoo. Mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha uchunguzi wa chembe za urithi kutoka makaburi ya miji ya mwambao, ulioonyesha kwamba wengi wa waliochunguzwa walikuwa na asili ya Kiafrika kwa upande wa mama, na mababa wengi wenye asili ya Uajemi. Mara wale wale wakazirudisha tarehe kutoka jalalani wakizipangusa vumbi.

Katika safari hiyo ya kwenda na kurudi, ni wangapi waliouliza nguo ile inafanya nini katika simulizi? Utawala unaojieleza kwa ununuzi, wala si kwa upanga. Mgeni anayepata ardhi kwa kukubali sharti la mwenyeji. Bidhaa ya biashara inayogeuka kuwa mpaka: haya ni maudhui mazito ya jamii ya wafanyabiashara inayojihesabia haki. Hayangojei chembe za urithi yaruhusiwe kusomwa. Fasihi ya mwambao imetendewa kama Biblia ilivyotendewa, na waliotakiwa kuitetea walikuwa wakisubiri ripoti kutoka shimoni.

Hitimisho

Mwanafunzi wa fasihi katika vyuo vya Kenya hukutana na Biblia kila siku: katika riwaya za Ngũgĩ wa Thiong'o, katika hotuba za kisiasa, katika methali mpya za mitaani. Akifundishwa kwamba thamani ya kitabu hicho inategemea ukuta mmoja, amefundishwa udhaifu, awe muumini au asiwe. Akifundishwa kwamba ukuta ukikosekana kitabu kimekwisha, amefundishwa uvivu. Idara za fasihi zina wajibu wa kumfundisha jambo la tatu: ausome mche wa Senakeribu kando ya Wafalme, jiwe la Mesha kando ya Yoshua, vibao vya Ugarit kando ya Zaburi, na kila mara aulize matini inasema nini na inasema kwa mtindo wa nani.

Mkulima wa Kiisraeli aliteremka kwa Mfilisti akalipa pim moja ili jembe lake linolewe. Mhakiki anayewaachia wengine akiolojia yote naye ataendelea kuteremka kwa watafutaji wa ithibati na kwa wakanushaji, akilipia makali ya jembe ambalo angeweza kulinoa mwenyewe.